Ruzuku ya utafiti haikununulii friza

Barua za kuulizia hela za utafiti za serikali zimenijaa mwezi huu, sijui huko mwisho wa reli kuna redio imetangaza nini maana nyingi zinatoka Kigoma na chache Tabora. Zinazofanana nimeziunganisha zikabaki tatu, na ya kwanza nitaijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake zimo nyingine kumi.

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi nakausha dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, nina wasichana wanne wananisaidia. Masika ndio yananimaliza, unaanika asubuhi jua kali, saa nane mvua hiyo hapo, mnakusanya mbiombio dagaa na mchanga vyote pamoja, ikinyesha siku mbili mfululizo wananuka wanaishia kuwa chakula cha kuku. Mwaka jana nikajenga kichanja cha miti na nyavu, juu nikaezeka nailoni nyeupe, naona kinasaidia. Mwanangu aliyeko chuo akasema kuna mifuko ya serikali inatoa ruzuku za utafiti na ubunifu hata kwa sisi wadogo, tukaandika kurasa sita, tukaomba friza mbili, bajaji ya mizigo na hela ya kununulia dagaa. Tumejibiwa kwamba andiko letu halioneshi utafiti. Sasa mjomba, utafiti ni nini kama sio hiki ninachohangaika nacho kila siku? Mama Zawadi, Kibirizi.

JIBU: Marahaba mama, pole kwa masika na pole kwa hiyo barua. Barua za hivyo nazijua, mimi mwenyewe miaka ya nyuma niliwahi kukosa hela ya kujaribu mashine ya kukamulia mawese kwa sababu kwenye bajeti niliandika "mengineyo" halafu mbele yake nikaweka milioni mbili na nusu. Mengineyo gani? Nilipoulizwa hata mimi sikujua. Imekula kwangu.

Tuanze na friza. Friza kila mtu anajua inagandisha, hakuna cha kuchunguza hapo, kwa hiyo ukiomba friza na bajaji na hela ya mzigo wewe unaomba mtaji, na mtaji una milango yake, kuna benki, kuna vikoba, kuna SIDO ambao kazi yao tangu 1973 ni viwanda vidogo, kuna na ile asilimia 10 ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) iliyosimamishwa 2023 ikarudi 2024, haina riba ila ni mkopo, unarudisha. Ruzuku ya utafiti hurudishi, na kwa sababu hurudishi mwenye hela anataka kitu kingine, anataka mwisho wa mradi kuwe na jambo ambalo leo hakuna anayelijua kwa uhakika na kesho litajulikana, likusaidie wewe na mkaushaji mwingine wa Katonga au Uvinza ambaye hamjawahi kuonana.

Na kinachonichekesha ni kwamba hilo jambo unalo! Lile andiko ulilonitumia nimelisoma lote, friza zimepewa ukurasa mzima na picha, kichanja chako kiko ukurasa wa tano mstari mmoja, "pia tumejenga kichanja cha nailoni kinasaidia". Kinasaidia kiasi gani? Kwa dagaa gani, siku za namna gani? Hapo ndipo andiko lilipaswa kuanzia. Jaribu hivi: "Kipindi cha masika Kigoma, dagaa walioanikwa kwenye kichanja kilichoezekwa nailoni wanakauka kwa saa ngapi ukilinganisha na wanaoanikwa mchangani, na katika kila kilo 10 zinaharibika ngapi?" Basi. Hilo ni swali, linapimika, linaweza hata kukukatalia, yaani ikaonekana kichanja hakisaidii kama ulivyodhani, na likikukatalia bado umefanya utafiti.

Ila ongeza uaminifu. Vichanja vya kuinua dagaa juu ya mchanga si vipya Ziwa Tanganyika, upande wa Burundi FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, walishavipeleka miaka ya 2000, na anayesoma andiko lako huenda analijua hilo kuliko wewe. Usiseme umevumbua kichanja. Sema vichanja vipo, vinafanya kazi jua likiwepo, ila mvua ikija habari inabadilika, na wewe unachojaribu ni paa. Paa nalo lina shida zake, si unajua, ukilifunga sana upepo haupiti, unyevu unabaki humo ndani na dagaa wanakuwa kama wamechemshwa, ukiliacha wazi sana mvua ya upepo inaingia. Uwazi uwe wa kiasi gani? Hilo nalo ni swali la pili tayari, na halikugharimu chochote kuliuliza.

Sasa kabla hujaandika andiko lingine, nunua daftari la kaunta. Alfajiri boti zikiingia pima kilo 10 mbichi mwaga mchangani kama kawaida yako, na kilo 10 kutoka boti hiyohiyo weka kwenye kichanja, nasema boti hiyohiyo kwa sababu ukichukua za boti nyingine iliyochelewa ziwani utakuwa unalinganisha dagaa wabichi na waliochoka, halafu andika saa uliyoanika, andika jua au wingu au mvua na saa iliponyesha, pima kila baada ya saa mbili mpaka uzito ugome kushuka. Mwishoni waliokatika na walionuka pima pembeni. Rudia siku nyingi uwezavyo na usichague siku nzuri tu, siku mbaya ndizo tunazozitafuta. Kipimajoto kimoja kining'inize chini ya nailoni, kingine nje kivulini. Mzani uwe wa betri, ule wa saa wa kuning'iniza sindano yake inacheza na kila mtu anaisoma anavyotaka.

Kurasa tatu za daftari hilo zilizochafuka magamba zina nguvu kuliko kurasa sita zako za chuo, nakuambia ukweli.

Ukiwa nalo nenda TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana kituo hapohapo Kigoma, ulizia mtafiti wa mazao ya samaki. Usiende kuomba akuandikie, nenda na daftari mkononi umwambie nimeanza hivi, nakwama hapa. Wito, yaani tangazo la kuomba ruzuku, mara nyingi unapenda mjasiriamali na mtafiti waombe pamoja, yeye ana mbinu wewe una ufukwe na boti na wasichana wanne wanaojua kazi. Atakusaidia pia kwenye vipimo usivyoviweza, unyevu uliobaki, vijidudu, maabara ya serikali ya ubora wa samaki iko Nyegezi, Mwanza, kwa hiyo safari ya sampuli ingiza kwenye bajeti. Halafu mwandikiane mapema nani anamiliki nini, hata karatasi moja yenye sahihi mbili inatosha kuanzia. Na picha za paa lako zisianze kuzunguka kwenye status za Wasapu kabla hujaulizia habari ya hataza, ile haki ya mvumbuzi, kwa BRELA wanaosajili biashara, kitu kikishatangaa hadharani ni vigumu kudai ni kipya.

Ratiba yako pia imeniacha hoi, "miezi sita kuanzia Mei". Mama! Mei mvua zinaishia, na wewe mwenyewe unajua mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 samaki wapumzike, sasa ungeanika nini? Anza Novemba. Toa zile siku mwezi ukiwa mpevu ambazo taa haziwaiti dagaa na boti zinalala, hesabu siku zilizobaki, hizo ndizo siku zako za kupima. Msomaji wa andiko akiona umetoa siku za mbalamwezi anajua huyu mtu yupo ziwani kweli.

La mwisho kwako ni risiti, hapa wengi wanaanguka baada ya kushinda. Hela huwa inakuja kwa awamu, hupewi ya pili mpaka ya kwanza ieleweke, na wewe dagaa wa majaribio unawanunua kwa mvuvi saa kumi na moja alfajiri ambaye hana mashine ya EFD ya kutolea risiti wala hata kalamu. Uliza kabla ya kusaini mkataba wanakubali nini. Mara nyingi wanakubali karatasi ya malipo yenye tarehe, kilo, bei, jina, namba ya simu na sahihi au dole gumba, basi chapisha steshenari kitabu kizima, kikae kwenye mfuko wa nailoni, na akaunti iwe ya jina la biashara, usichanganye na hela ya ada za watoto.

SWALI: Kaka habari. Niko Tabora mjini, natengeneza vifungashio vya asali. Kuna jamaa kanitumia tangazo la SBIR, anasema ni serikali ya Marekani inagawa hela za utafiti kwa biashara ndogo, nimpe laki mbili anisajili. Nimpe? Kijana wa Isevya.

JIBU: Usimpe hata mia. SBIR ipo kweli, ilianza kwa sheria ya Marekani ya 1982, na "biashara ndogo" kwao ni hata yenye watu 500, ila sharti kubwa ni kwamba zaidi ya nusu ya kampuni imilikiwe na raia au wakazi wa kudumu wa Marekani na kazi ifanyike kulekule. Wewe wa Isevya hapo huingii hata kwa dirisha. Na huko kwenyewe kujisajili kwenye mfumo wa serikali yao ni bure, kwa hiyo hiyo laki mbili ni ya jamaa tu.

Kitu kimoja waibie lakini. Wao hawatoi hela yote kwa mkupuo, awamu ya kwanza ni ndogo, ya kuonesha kwamba wazo linawezekana, ndipo ya pili kubwa inafuata. Na wewe hata kama wito wa hapa hausemi hivyo andika kwa mtindo huo, miezi mitatu ya mwanzo nitajua kama kifungashio kinazuia asali kunyonya unyevu, kikishindwa naishia hapo. Kwa hapa nchini fuatilia COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, ndio wanaosimamia MTUSATE, mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, wito ukitoka unawekwa kwenye tovuti yao na una mada zake na siku ya mwisho, haukai wazi mwaka mzima. Kuna na MAKISATU, mashindano ya ubunifu yaliyoanza 2019, yana kundi la mfumo usio rasmi, fundi wa mtaani anaingia humo. Na kabla ya yote pita Chuo cha Nyuki hapohapo Tabora, kuna watu wanaijua asali kuliko mimi na wewe na huyo jamaa yako.

SWALI: Nina jina la biashara BRELA, sina kampuni. Na Kiingereza changu cha kuombea maji. Niache tu? Urambo.

JIBU: Usiache. Soma wito, kama wameandika kampuni au taasisi iliyosajiliwa basi jina la biashara halitoshi, omba kupitia mshirika, kama hawajaandika piga simu uulize, na uandike jina la aliyekujibu na tarehe. TIN, namba ya mlipakodi, uwe nayo, wanaidai karibu wote. Kiingereza ndio mara nyingi wanakitaka, wewe andika kwa Kiswahili mpaka mtu wa kijiweni kwako aelewe swali lako, ndipo utafute mwalimu wa sekondari akugeuzie, umlipe kwa ukurasa, sio kwa asilimia ya hela itakayotoka. Halafu kaa naye mstari kwa mstari akusomee kwa Kiswahili alichoandika, kuna mmoja alimgeuzia mwenzake "mizinga" ikawa ile ya jeshini.