Kile kitufe cha spoti na komfoti: kwa vijana mnaoanza gereji hapa Malindi

Vijana wangu mnaoanza kazi, haswa nyinyi mliotoka Lamu mkakua na punda na mashua, gari mnaliona mkivuka Mokowe upande wa bara, kuna kitu nataka niwaambie mapema manake mimi kilinichukua miaka. Disemba ikifika hapa Malindi magari ya spoti yanashuka kutoka Nairobi, mwenye gari anakuja na maneno mawili tu, "fundi, gari limekuwa gumu" ama "fundi, gari linayumba". Kabla hujashika spana, ujue kile kitufe cha pale karibu na gia kinaamrisha nini.

Kinaamrisha shokapu. Springi hakiigusi. Hapo ndipo wengi wanapotea, mtu anabonyeza spoti anakwambia springi zimekaza, hapana, springi ni ileile ya chuma, haijui habari ya kitufe. Kazi ya springi ni kubeba uzito, ukiigandamiza inarudi na inapitiliza, ikiachwa peke yake gari lingedunda kama kitanda mtoto akikirukia. Shokapu ndiyo inaituliza. Ndani yake kuna pistoni inatembea kwenye mafuta, na mafuta yanapita kwenye vitundu. Nenda ufuoni uingie maji ya kiuno, sukuma mkono polepole, maji yanakupisha, sa sukuma kwa kasi uone yanavyokuwa kama ukuta. Shokapu ni hivo hivo, kadiri gurudumu linavyopanda na kushuka kwa kasi ndivyo inavyokataa zaidi.

Shokapu ya kawaida vitundu vyake vishapangwa kiwandani, basi. Hizi za kitufe zina vali ya umeme, kompyuta inaongeza au kupunguza stimu na njia ya mafuta inabana au inapanuka. Golf R yenye DCC, Porsche zenye PASM (hayo ni majina ya kampuni kwa mfumo huu huu), Nissan GT-R ya R35 na shokapu zake za Bilstein, ni ukoo huo. Kuna ukoo mwingine, MagneRide, huo hauna hata vali ya kutembea, mafuta yenyewe yamechanganywa na chembe za chuma na ndani ya pistoni kuna koili, yaani waya uliozungushwa, stimu ikipita zile chembe zinajipanga na mafuta yanakuwa mazito papo hapo, ikikatika yanalegea. Ilianza kwa Cadillac Seville ya mwaka 2002, Corvette ikafuata 2003, baadaye ukaikuta kwa Audi TT na R8 na Ferrari 599. Mimi nikifikiria mtu alivyokaa akaona sumaku inaweza kufanya kazi ya vali nafurahi mpaka leo.

Alafu usidhani komfoti ni sehemu moja na spoti ni sehemu nyingine kama swichi ya taa. Gari likitembea kompyuta inasoma usukani umekatwa kiasi gani, breki imekanyagwa vipi, bodi inapanda ama inashuka, gurudumu liko juu ama chini, na inabadilisha ile stimu mara nyingi sana kwa sekunde moja, kwa hivo hata ukiwa komfoti ukikata kona ghafla shokapu inakaza yenyewe. Kitufe kinaiambia kompyuta ianzie wapi na isivuke wapi. Na kwenye magari mengi kitufe cha spoti kinabeba na vingine, usukani unakuwa mzito, gia zinachelewa kupanda, eksosi inanguruma, kwa hivo mteja akikwambia spoti imekufa muulize ni ipi kati ya hizo, usije ukafungua shokapu na shida iko kwa gia.

Sasa hili la watu kusema spoti ndiyo kasi. Kwa lami laini ni kweli inasaidia, ukikata kona bodi hailali kwa haraka, ukikanyaga breki pua haiinami chini ghafla, dereva anahisi gari linamsikiliza. Angalia nimesema hailali kwa haraka, sikusema hailali, manake ukikaa kwenye kona ndefu mwisho wake bodi italala palepale, hiyo inaamuliwa na springi na ile fimbo ya stabilaiza inayounganisha upande wa kulia na wa kushoto. Lakini toka nje ya lami, ingia maramu ama ile barabara yenye viraka na matuta, shokapu ikiwa imekaza gurudumu haliwahi kushuka kufuata shimo, linaruka, na tairi likiwa hewani halina breki wala kona. Hapo komfoti ndiyo inashika barabara. Ferrari wenyewe walilijua, 430 Scuderia ya mwaka 2007, ambayo Michael Schumacher, bingwa wa mbio za Formula 1, alishiriki kuiendeleza, waliipa uwezo wa kulainisha shokapu peke yake huku injini na gia zikibaki kwenye ukali wa mbio. Gari lenye roho ya mbio, na bado walitaka ulaini.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Nilikuwa bado mwanafunzi, likaja gari moja la spoti, mwenyewe analalamika limekuwa gumu kama mkokoteni, komfoti na spoti hazina tofauti. Mi nikasukuma bodi kwa mkono kama nilivyofundishwa kwa pikapu, nikasema shokapu za mbele zimekwisha, tukafunga za kawaida zisizo na waya. Taa ya dashibodi ikawaka na ugumu ukabaki palepale. Fundi mkubwa, Mungu amrehemu, akalala chini ya gari akatoka na kipande cha plastiki mkononi, kale kamkono kadogo kanakounganisha sensa ya urefu na mkono wa chini wa gurudumu, kamevunjika kwa mawe ya maramu. Sensa haikujua gurudumu liko wapi, kompyuta ikaona bora iache kurekebisha, shokapu zikabaki kwenye hali moja. Kitu kidogo vile, na mteja wa watu alishalipa shokapu mbili. Tulimrudishia shokapu zake za mwanzo, lakini ile sura yake sijaisahau.

Kwa hivo mimi sasa gari likija naanza na upepo wa tairi, manake rimu ya inchi 19 na tairi lenye ukuta mfupi likijazwa kupita kiasi hakuna komfoti itakayokuokoa. Naenda na mwenyewe njia ya Gede kwenye lami, narudi kwenye matuta, mara komfoti mara spoti, yeye ndiye anaendesha na mi nasikiliza. Nikirudi naweka mashine ya kusoma makosa kabla ya jeki. Ule mtindo wa kusukuma bodi kwa mkono, kwa hizi gari usiutegemee, gari likiwa limezimwa shokapu haina amri ya mtu yeyote. Ukibadilisha, badilisha kulia na kushoto pamoja, na bolti za bushi za mpira uzikaze za mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, ukizikaza likiwa juu ya jeki ule mpira unakaa umejisokota na utapasuka mapema. Sensa ikiwa mpya, irekebishe kwa mashine ijue urefu sahihi. Na mteja akitaka shokapu za kawaida kwa sababu za umeme ni ghali, ni haki yake, lakini mwambie wazi kile kitufe hakitafanya kazi tena kwa shokapu, usimfungie kifaa cha kudanganya kompyuta alafu ukanyamaza.

Na chumvi. Sisi tuko baharini, gari lililokaa Casuarina miezi mitatu chomoa plagi ya shokapu uone zile pini zilivyoota kutu ya kijani. Safisha kwa dawa ya plagi, kausha, paka grisi ya umeme, rudisha mpaka isikike "klik". Nishaona taa ya shokapu ikizimika kwa hilo tu, bila kununua chochote.