Nimeweka ABA (asidi absisiki, homoni ya mmea) lakini stomata (vitundu vya hewa vya jani) hazifungi, tatizo nini?

Swali: Nimechuna ngozi ya chini ya jani la Vicia faba (aina ya maharage), nikailoweka kwenye ABA ya maikromola 10 kwa nusu saa, nikaangalia kwa hadubini, upana wa stomata hauna tofauti na zile nilizoloweka bila homoni. ABA yangu imeharibika?

Jibu: Inawezekana, ila mi nisingeanza na homoni. Kabla hujaiweka, stomata zilikuwa wazi? Jani likichunwa gizani au likikaa limenyauka kidogo mezani, unakuta zimeshafunga zenyewe, sasa hapo ABA ifunge nini.

Angalia inavyofanya kazi. ABA ikishikwa na kipokezi chake inaibana protini ya PP2C, ambayo kazi yake ni kumshikia breki OST1 (kimeng'enya), breki ikitoka OST1 anaufungua mlango wa SLAC1 (mfereji kwenye utando wa seli), kloridi na malate zinamwagika nje, potasiamu inafuata, maji nayo yanafuata, seli linzi (zile mbili zinazozunguka tundu) zinalegea kama tairi lililopungua upepo na tundu linaziba. Yote hayo yanataka seli iwe imejaa potasiamu tangu mwanzo. Kwa hiyo weka vipande vielee kwenye bafa (maji yanayotunza pH) yenye KCl (kloridi ya potasiamu), pH kama 6.15, chini ya taa masaa mawili matatu, PIMA kwanza, alafu ndo uweke ABA. Ukiweka ABA mwanzoni kabisa pamoja na taa, hapo unapima kuzuia kufunguka, ni jaribio lingine hilo, watu wengi wanayachanganya.

La pili, seli zako ziko hai? Weka tone la nyutro redi: iliyo hai inaivuta ile rangi mpaka vakuoli (mfuko wa maji ndani ya seli) inakuwa nyekundu, iliyokufa inabaki kweupe. Mi nilipoanza nilikuwa navuta ngozi kwa haraka, nikaweka rangi nikakuta karibu nusu ya kipande ni maiti, na wiki nzima nilikuwa napima maiti hizo hizo 😅. Vuta taratibu, au tafuta mmea wa Commelina, inachunika kirahisi zaidi.

Hayo yakiwa sawa ndo uigeukie chupa. Mwanga wa UV unaigeuza ABA kuwa umbo la trans ambalo halifanyi kazi, ifunge karatasi ya alumini. Na kama uliiyeyusha kwa etanoli, hata vile vipande visivyo na homoni vipe etanoli kiasi kilekile, na mtu mwingine akufichie lebo wakati unapima.