Maswali ya Wasomaji: Treni Nyepesi, Mwendokasi na Foleni za Mataa

Mabasi ya mwendokasi, yenye njia zake pekee, yanajaa asubuhi, watu tunabaki kituoni. Kwa nini tusijengewe treni nyepesi ya umeme kama ya Addis Ababa?
*Msomaji wa Kimara, Dar es Salaam*

Ndugu msomaji, kabla ya kuchagua treni au basi, tafuta namba moja: watu wangapi wanapita mahali penye watu wengi kuliko pote, kwa upande mmoja, katika saa moja ya asubuhi. Namba hiyo ndiyo inayoamua chombo.

Treni nyepesi ya behewa moja lenye urefu wa mita 28 hadi 30 hubeba watu 250 hivi wakibanana. Ikipita kila dakika sita, ni safari kumi kwa saa, yaani watu 2,500. Ukiunga mbili pamoja unapata 5,000, na ukizipitisha kila dakika tatu unafika 10,000. Basi refu la mita 18 hubeba watu 150 hivi. Likipita kila dakika moja, ni watu 9,000. Kwa hiyo treni ya behewa moja inayokuja kwa kusuasua hushindwa na mabasi yanayokwenda kwa ratiba. Faida yake huonekana pale unapoweza kuunga mabehewa na kuyapitisha mfululizo.

Watu wanapobaki kituoni, mara nyingi tatizo huanzia kwenye idadi ya mabasi yaliyotoka gereji siku hiyo. Tuseme basi linakwenda na kurudi kwa dakika 120, mapumziko yakiwemo. Ili lipite moja kila dakika mbili unahitaji mabasi 60 barabarani, na mengine sita ya akiba. Yakitoka 40 tu, nafasi kati ya basi na basi inakuwa dakika tatu, na kila basi linakuta abiria nusu zaidi ya waliopangwa. Milango haifungi, basi linachelewa kuondoka, kituo kinachofuata kinafurika, na basi la nyuma linalifikia la mbele. Kuanzia hapo yanakwenda mawili mawili, moja limejaa pomoni na jingine tupu. Reli haitibu jambo hilo. Wanaolitibu ni mafundi na vipuri.

Addis Ababa ni funzo muhimu hapo. Treni yao ilianza Septemba 2015, njia mbili zenye zaidi ya kilomita 30 kwa jumla, kwa gharama ya takriban dola milioni 475, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa China. Zilinunuliwa treni 41. Miaka michache baadaye nyingi zilikuwa zimesimama karakana kwa kukosa vipuri, ambavyo hununuliwa kwa fedha za kigeni. Magurudumu ya treni huchakaa na lazima yachongwe upya mara kwa mara, tena kwa mashine maalumu. Ukiandika bajeti ya ujenzi bila bajeti ya vipuri ya miaka kumi, umejenga nusu ya reli. Funzo la pili liko barabarani: reli ya katikati ilipozungushiwa ukuta na uzio, waenda kwa miguu walilazimika kuzunguka mbali ili tu kuvuka kwenda upande wa pili.

Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi. Njia ya treni nyepesi huchorwaje, na huanzia wapi?
*Msomaji wa Dodoma*

Huanzia karakana. Wengi huanza kuchora vituo, kisha mwisho wanatafuta mahali pa kulaza treni na kuambulia bonde ambalo hakuna mtu mwingine aliyelitaka. Dar es Salaam tuliona gereji ya mwendokasi ya Jangwani ikiingiwa na maji ya Mto Msimbazi mara kwa mara, na mabasi yakiharibika. Treni ni nyeti zaidi kwa sababu mota zake zimekaa chini, karibu na magurudumu. Tafuta kwanza ardhi ya juu, hekta kadhaa, isiyo mbali na njia.

Kisha unganisha sehemu zenye watu: soko, hospitali, stendi, vyuo. Vituo viachane mita 500 hadi 800. Ukivisogeza karibu zaidi, treni inakuwa ya kusimama tu. Kona iwe na nusu kipenyo kisichopungua mita 25, na hiyo ni pale uliposhindwa kabisa, kwa sababu kona kali hulia, hula reli na hupunguza mwendo. Mwinuko usizidi asilimia sita au saba. Reli mbili huchukua upana wa mita 7 hadi 8. Kituo chenye jukwaa la mita 3 kila upande kinafikisha 13 au 14. Pima hifadhi ya barabara, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, kwa futi kamba, usiamini ramani peke yake.

Linaloua bajeti ni vilivyozikwa chini: mabomba ya maji, nyaya za umeme, mkongo wa mawasiliano, mifereji ya zamani. Edinburgh, Uingereza, walikuta vitu vingi chini ya lami kuliko michoro ilivyoonyesha. Njia yao ilifunguliwa mwaka 2014 ikiwa imechelewa, imefupishwa, na gharama imefika pauni milioni 776 badala ya 545. Chimba mashimo ya majaribio kwa mkono kila makutano kabla ya kuitisha zabuni, na kila bomba utakalolikuta liandikiwe kina, kipenyo na aina.

Mabomba ya chuma yanahitaji uangalizi wa pekee. Treni nyingi za aina hii hutumia umeme wa volti 750 wa mkondo mnyoofu (DC), unaoingia kupitia waya wa juu na kurudi kupitia reli. Reli isipofunikwa vizuri kwa mpira, sehemu ya umeme huvujia ardhini, hufuata bomba la chuma, na pale umeme unapotoka kwenye bomba, bomba hutoboka. Mwenye bomba anaona maji yanavuja miaka mitano baadaye na hajui sababu. Dai vipimo vya uvujaji wa umeme kabla ya kukabidhiwa kazi, na virudiwe kila mwaka.

Barabara ya juu ya Tazara ilijengwa, ila mimi foleni naikuta mbele kwenye mataa. Fedha zilipotea?
*Msomaji wa Gongo la Mboto*

Hazikupotea. Daraja la Mfugale, ndiyo hiyo barabara ya juu ya Tazara, lililofunguliwa Septemba 2018, liliondoa mgongano wa Barabara ya Nyerere na Mandela. Lakini njia moja isiyo na taa hupitisha magari kama 1,800 kwa saa, na ile ile ikifika kwenye mataa yenye kijani asilimia 30 hupitisha 540 tu. Yanayobaki ndiyo foleni yako.

Dawa ya bei nafuu iko kwenye mataa yenyewe. Kwanza, zuia kukata kulia pale penye mzigo mkubwa. Gari liende mbele, ligeuke, lirudi. Zamu nne za taa zinabaki mbili, na kila zamu unayopunguza inaokoa sekunde nne hivi za kusubiri magari yaondoke. Pili, hamisha kituo cha daladala kutoka kabla ya taa kwenda baada yake, mita 30 hadi 40. Daladala moja ikisimama kwa sekunde 20 mbele ya foleni wakati taa ya kijani inawaka kwa sekunde 35, njia hiyo imepoteza zaidi ya nusu ya zamu yake. Tatu, trafiki asishikilie upande mmoja dakika sita. Foleni iliyokaa karibu huisha mapema, yanayofuata yanakuja kwa nafasi nafasi, na huku upande wa pili umejaa hadi kufunga makutano ya nyuma.

Duka langu la kando ya barabara limewekwa alama ya X, libomolewe. Nitalipwa?
*Mfanyabiashara wa Mbagala*

Mama, angalia rangi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati. X nyekundu ina maana ulikuwa ndani ya hifadhi ya zamani, hulipwi. X ya kijani ni wa mita zilizoongezwa, unastahili fidia. Baadhi ya barabara zina hifadhi pana zaidi, hivyo uliza kwa maandishi. Fidia ya biashara huhesabiwa kwa faida ya mwezi mara 36, lakini kwa hesabu zilizokaguliwa. Anza leo kutunza vitabu.

Mbona watu hawapandi daraja la waenda kwa miguu?
*Msomaji wa Mombasa*

Kwa sababu wanajua kuhesabu. Daraja lenye njia ya kutembea mita 6 juu, likiwa na mteremko wa moja kwa kumi na mbili (kupanda mita 1 kwa kila mita 12 za kwenda mbele) kwa ajili ya viti vya magurudumu, linahitaji mita 72 kila upande: mita 144 ili kuvuka barabara ya mita 14. Kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, kuvuka chini ni sekunde 12. Weka taa ya waenda kwa miguu, na kisiwa cha kusimama katikati chenye upana wa mita 2 angalau, ili mama mwenye mtoto mgongoni avuke upande mmoja kwanza, kisha wa pili.