Mnaoanza field kwenye barabara za mjini, someni hii kwanza

Wadogo zangu mnaokuja saiti huku Mbeya, nawaambia kitu nilichokijua nimeshachelewa. Njia ya waenda kwa miguu usiipime kwa buti lako, buti linaruka kila kitu.

Kipande changu cha kwanza kilikuwa maeneo ya Mwanjelwa, ukingo una kimo cha sm 15, mimi nikaweka rampu, yaani mteremko wa kupandia, yenye urefu wa sm 60 maana nafasi finyu na mchoro umesema rampu, basi nikatiki nikaenda zangu kula. Kesho yake akaja dada mmoja na kiti mwendo, akaiangaliaaa, akaniuliza, "Kaka, huu si ukuta mmeulaza tu?" Akajaribu hivyo hivyo, magurudumu ya mbele yakanyanyuka kiti kikataka kumpindua kinyumenyume, dogo wa bodaboda ndo akamdaka. Mimi nimeduwaa na tepu mkononi.

Hesabu yenyewe wala si ngumu, kila sm 1 ya kupanda ipe sm 12 za kwenda mbele, kwa hiyo sm 15 inataka mita 1.8. Utasema Mwanjelwa nafasi hiyo naitoa wapi, na kweli hupati, ila nani kasema lazima umpandishe mtu? Ishushe njia yenyewe taratibu huku na huku mpaka ilingane na barabara, ndivyo tulivyofanya baada ya kubomoa, na zege la kubomoa linauma jamani.

Halafu pale chini rampu inapokutana na lami fundi atakuachia kidomo kilichonyanyuka cha sm 2 au 3, atakwambia "kadogo hako bosi". Usikubali, vigurudumu vya mbele vinagoma hapo hapo. Mwaga ndoo ya maji, yakituama ujue mvua zikianza Novemba hapo ni bwawa la tope.

Upana usishuke chini ya sm 90 hata penye nguzo ya umeme. Mifuniko ya nondo ya mitaro, nondo zikatize njia, ukizilaza kufuata njia gurudumu linazama katikati.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo toka 2010, ila saiti sijawahi kuona mtu kaja nayo. Mimi siku hizi kabla zege halijamwagwa nampigia yule dada, namtumia hela ya bajaji, anakuja tunamuwekea mbao anapita juu yake, akikunja uso mafundi wenyewe wanaanza kung'oa mbao bila hata kuniuliza.