Ndimu, bikarbonati na mbegu za maharagwe

Jioni moja mtoto wa dada yangu alinijia na daftari, analengwalengwa na machozi. "Mjomba, hii kemia imenishinda." Walipewa kusawazisha mmenyuko wa asidi ya ndimu na bikarbonati (NaHCO₃), yaani atomi za kila aina zilingane kushoto na kulia. Ili sodiamu zitoshe, alikuwa ameandika Na₃HCO₃. Kosa hilo nalijua vizuri. Mimi mwenyewe nilipoteza alama nyingi kwa sababu yake.

Namba ndogo ya chini usiiguse kabisa. Hiyo ndiyo kitu chenyewe. H₂O ni maji ya kunywa. Ongeza 1 tu chini ya oksijeni, unapata H₂O₂, dawa ile inayotoa povu kwenye kidonda. Unachoruhusiwa kubadilisha ni namba kubwa ya mbele, yaani idadi.

Nikamwaga maharagwe mezani. Hapa Goma rangi hazikosekani: mekundu yakawa sodiamu, meupe hidrojeni, ya njano kaboni, meusi oksijeni. Molekuli moja ya asidi ya ndimu ina hidrojeni 3 za kutoa, na kila moja inachukuliwa na bikarbonati yake. Basi bikarbonati ni 3:

C₆H₈O₇ + 3NaHCO₃ → Na₃C₆H₅O₇ + 3H₂O + 3CO₂

Akahesabu kwa kidole, kushoto kisha kulia. Sodiamu 3, kaboni 9, hidrojeni 11, oksijeni 16. Akarudia. Zikalingana.

Halafu tukaifanya kweli. Ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga tulisimamisha kipande kifupi cha mshumaa, tukazungushia kijiko cha bikarbonati, tukawasha. Nikamimina maji ya ndimu polepole pembeni, nisiguse utambi. Povu lilipanda likichemka kwa sauti ndogo, lakini halikufika kwenye moto. Moto ukayumba, ukawa mdogo, ukazimika. Aliwasha kiberiti akakishusha ndani ya kopo: nacho kikazimika kabla ya kufika chini.

"Ni mazuku," akasema.

Ndiyo. Ni gesi ileile, kaboni dioksidi (CO₂), nzito kama mara moja na nusu kuliko hewa. Yetu ilitoka kwenye ndimu. Ile ya mazuku, hapa kwetu, inatoka ardhini, inatulia kwenye mashimo na mabonde ya mawe ya volkano, na mbuzi akishuka kula majani hapandi tena. Haionekani. Mtoto, kwa sababu ni mfupi, anaivuta kabla ya mtu mzima aliyesimama naye.

Wazazi, jaribio hili lifanyeni kwa ndimu au siki na bikarbonati tu. Javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo na kusafishia choo, isikaribie asidi yoyote, hata ndimu: inatoa klorini, inayochoma mapafu. Niliwahi kuichanganya na siki nikisafisha choo, nikakohoa usiku kucha.

Na mshumaa ubaki kwenye kopo. Asishuke mtu shimoni kupima mazuku kwa moto, maana moto ukizimika, kichwa chake nacho tayari kimo ndani ya gesi.