Fremu ikiuzwa na benki: risiti ya kodi peke yake haitoshi

Mkuu, umeuliza kama mnunuzi wa mnadani anaweza kukutoa kwenye fremu yako (chumba cha duka) ya Ngamiani, Tanga, wakati umeshalipa kodi ya mwaka na mkataba ni wa miaka mitatu. Anaweza. Kinachoangaliwa kwanza ni tarehe: rehani, yaani mwenye nyumba kuliweka jengo dhamana ya mkopo wa benki, na mkataba wako, kipi kilitangulia? Kama rehani ilitangulia, je, benki iliridhia kwa maandishi uingie humo?

Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inamzuia aliyeweka jengo rehani kulipangisha kwa zaidi ya mwaka mmoja bila ridhaa ya maandishi ya benki. Jengo likiuzwa, mnunuzi habanwi na mikataba iliyokuja baada ya rehani, isipokuwa ile ambayo benki iliiridhia. Wenye nyumba wengi wananyamaza kuhusu hili, na inaniuma sana, maana wanaoumia ni mafundi cherehani na wauza vipuri waliomaliza akiba yao kwenye kilemba, ile pesa ya kuingilia fremu.

Mimi wakili wangu alisisitiza tufanye upekuzi wa hati kwanza, yaani kuangalia kwenye kumbukumbu za ardhi kama jengo lina deni. Tukakuta rehani. Akanikataza kusaini mpaka mwenye nyumba alete barua ya benki ya kuridhia, na ilichelewa kweli. Jengo lilipokuja kupigwa mnada, mnunuzi aliisoma ile barua, tukabaki kuzungumzia akaunti ya kuwekea kodi. Jirani yangu, mama muuza vitenge, alikuwa na mkataba mrefu kuliko wangu lakini hana barua. Alihamishwa. Haki iliyombakia ni kumdai mwenye nyumba wa zamani, ambaye ndiye huyo aliyeshindwa kulipa benki.

Kwako wewe muda bado upo. Mkopaji, yaani mwenye nyumba, hupewa notisi ya siku 60 ya kulipa deni, na mnada wa ardhi unahitaji kutangazwa si chini ya siku 14. Usingoje dalali abandike karatasi mlangoni. Peleka benki nakala ya mkataba na risiti, omba wakutambue kwa maandishi, na hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa. Usiache kulipa kodi, ila usimpe mwenye nyumba malipo mengine ya mbele. Benki ina uwezo wa kuteua mtu wa kukusanya kodi, kwa hiyo uliza kwenye barua hiyo hiyo ulipe wapi. Na kama mkataba wako ndio uliotangulia rehani, mwone wakili wiki hii, kabla mnada haujatangazwa.