Usihifadhi Kabla Hujaingia Mara ya Pili

Juzi kijana mmoja wa Wete kaniandikia: "Assalaam alaykum kaka. Nimeweka SSH kwenye swichi ya ofisi yetu ya Mkoani, sasa siingii kwa SSH wala kwa Telnet. Nifanye nini?" Swichi ni kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi; SSH na Telnet ni njia mbili za kuingia kwenye kifaa hicho ukiwa mbali. Nimeusoma ujumbe ule mara mbili, moyo ukanienda mbio. Ndiyo hayo hayo yaliyonifika mimi, na sijapata kuyaandika popote.

Mie nilikuwa Mwanakwerekwe, Unguja, swichi iko Chake Chake, Pemba, kwenye tawi la mteja wangu mkubwa kuliko wote. Kazi yenyewe ndogo: kufunga Telnet, kuweka SSH. Telnet hupitisha kila kitu wazi, jina na nywila, na anayenasa njiani anasoma kama gazeti. Tatu Ylönen wa Finland aliitunga SSH mwaka 1995 baada ya nywila kuibwa namna hiyo kwenye mtandao wa chuo chake Helsinki. Kwa hiyo nia yangu ilikuwa njema.

Nikaunda mtumiaji, nikaingia "line vty 0 15", ndiyo milango ya kuingilia kwa mbali, nikaandika "login local", yaani aingie mwenye jina lililomo kwenye swichi, kisha "transport input ssh", yaani SSH peke yake ndiyo iruhusiwe. Dirisha nililoingilia kwa Telnet halikukatika. Nikafurahi, nikahifadhi, nikatoka. Kurudi kwa SSH, nimekataliwa. Kwa Telnet, nimekataliwa. Sikuwa nimetengeneza ufunguo wa RSA, ule ambao swichi hujitambulisha nao kwa SSH! Bila ufunguo SSH haiwaki, na Telnet nimeshaifunga kwa mkono wangu. Dirisha la mwanzo lilibaki kwa sababu amri ile huwazuia wanaobisha hodi, haimtoi aliyekwisha kuwamo ndani.

Nikampigia mlinzi wa tawi, nikamwomba achomoe umeme wa swichi achomeke tena. Akafanya. Ikawaka na yale yale, maana nilikwisha kuyahifadhi. Lau nisingehifadhi, swichi ingerudi kwenye mpangilio wake wa zamani, na mzee yule angeniokoa kwa kuchomoa waya tu.

Nikapanda boti Malindi, nikashuka Mkoani, daladala mpaka Chake, kebo ya konsole, ile inayochomekwa kwenye swichi yenyewe bila kupitia mtandao, ndani ya mkoba. Meneja akanambia "Karibu, fundi", hakuongeza neno. Alivuta kiti akakaa nyuma yangu, mikono kifuani, akinitazama vidole mpaka nikamaliza. Hazikufika dakika kumi. Mkataba ulipokwisha akapewa mwengine. Bado linaniuma, sifichi.

Sasa nisikilizeni, hasa nyinyi mnaoanza. Kwenye vifaa vya Cisco, anza na "hostname" (jina la kifaa) na "ip domain-name" (jina la kikoa), halafu "crypto key generate rsa modulus 2048", ndiyo ya kutengeneza ufunguo, halafu "ip ssh version 2", na mtumiaji mwenye "secret", yaani nywila iliyofichwa. Mlango wa Telnet ufungwe mwisho. Kabla hujagusa chochote andika "reload in 10": ukijifungia nje, baada ya dakika kumi kifaa kinajiwasha upya na kurudi kilivyokuwa, mradi hukuhifadhi. Mtandao utakatika kidogo, kwa hiyo mwambie mteja mapema. Dirisha la kwanza liache wazi, fungua la pili, ingia kwa SSH. Umeingia? Andika "reload cancel" kuizuia ile "reload", ndipo uhifadhi. Hukuingia? Usihifadhi. Narudia: usihifadhi.

Tunapenda mno kumaliza haraka ili tuonekane mafundi. Visiwani kwetu nusu ya kazi iko ng'ambo ya maji, na dakika moja ya kujaribu mara ya pili si kitu mbele ya safari ya boti na uso wa mteja aliyekuamini. Heshima ya fundi imo kwenye dakika hiyo. Ilinde.

Na wewe mdogo wangu wa Wete: kama hukuhifadhi, waambie wachomoe umeme leo leo. Kama ulihifadhi, chukua kebo ya konsole uende Mkoani, kasi ya konsole uweke 9600, utengeneze ufunguo. Ukishakaa mbele ya swichi nipigie, nitakuwa nawe kwenye simu mpaka dirisha la pili lifunguke.